Namna ya kukadiria gharama ya kubadilisha hita kuukuu ya maji nyumbani: mwongozo kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayeingia katika duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, Mbeya, kuuliza bei ya hita ya maji hutajiwa kiasi kimoja, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba amekwisha kuijua gharama. Kiasi hicho ni bei ya tangi lenye elementi, yaani kile chuma cha umeme kinachopasha maji, ndani yake, basi. Gharama ya kuondoa hita iliyochakaa na kuweka nyingine ina mafungu matatu: hita yenyewe, vitu vinavyoizunguka ukutani na kwenye nyaya, na umeme itakaokula kwa miaka yote itakayokaa pale. Huku kwetu, ambako Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na maji ya bombani asubuhi ya mwezi wa sita hayashikiki, fungu la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisiloandikwa kwenye karatasi ya fundi.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuyahesabu mafungu yote matatu kabla hujatoa fedha. Bei za vifaa zitakazotajwa ni za mfano tu, hivyo weka mahali pake bei utakazopewa wewe. Bei ya umeme nimeichukua kuwa Sh 356 kwa uniti (saa-wati 1,000), ambayo hupatikana kwa kuchukua Sh 292 za msingi za kundi la T1, yaani la wateja wa kawaida, na kuongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1. Kama risiti yako ya LUKU inaonyesha kiasi kingine, tumia hicho cha kwenye risiti.

Hakikisha kwanza kwamba imekufa kweli

Hita nyingi zinazotupwa zilihitaji kifaa kidogo tu, na nyingine zinazokarabatiwa kila mwaka zilistahili kutupwa zamani. Tofauti huonekana kwa kuangalia mahali penye hitilafu.

Kama maji hayapati moto kabisa huku tangi likiwa kavu kwa nje, mtuhumiwa wa kwanza ni elementi au themostati (kifaa kinachozima elementi maji yakishapata moto), na vyote viwili hubadilishwa bila kuligusa tangi. Fundi umeme mwenye mita anaweza kupima ukinzani wa elementi kwa dakika chache: elementi ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 inapaswa kusoma karibu omu 35, na ya wati 2,000 karibu omu 26. Mita isiposoma chochote, elementi imekatika. Ikiwa kuna mawasiliano ya umeme kati ya elementi na bati la tangi, ganda la elementi limepasuka, na ndiyo sababu breka inaruka kila unapowasha. Usimruhusu mtu yeyote kuibadilisha breka hiyo kwa kubwa zaidi ili isiruke, kwa kuwa inaruka ili mtu asipigwe shoti akiwa amelowa maji.

Kama maji ya moto yanatoka yakiwa na rangi ya kutu na ya baridi ni safi, kutu iko ndani ya tangi. Hapo kuna kipande ambacho wengi hawajawahi kukisikia, nacho ni anodi, yaani fito ya magnesiamu iliyowekwa ndani ya tangi ili iliwe na kutu kwa niaba ya chuma. Ikiisha, tangi lenyewe linaanza kuliwa. Fito hiyo hubadilishwa, tena kwa bei ndogo ukilinganisha na ya hita nzima, lakini ni lazima ibadilishwe kabla haijaisha. Tangi ambalo limeshaanza kutoa maji ya kutu halirudishwi nyuma kwa anodi mpya.

Kuhusu kuvuja, tazama kwa makini mahali maji yanapotokea. Yakitokea kwenye mpira unaozunguka kitako cha elementi, badilisha mpira huo. Yakitokea kwenye mwili wa tangi, au yakichuruzika kutoka ndani ya ganda la nje bila chanzo kuonekana, hita imekwisha, na fundi anayeahidi kuichomelea anakuuzia miezi michache tu. Valvu ya usalama inayodondosha maji wakati hita inapopasha moto ni jambo jingine kabisa. Maji yanapotoka nyuzi 15 hadi nyuzi 60 hutanuka kwa takriban asilimia 1.6, yaani tangi la lita 50 huzalisha ziada ya karibu lita 0.8, na ziada hiyo inapaswa kupata mahali pa kwenda. Matone hayo ni dalili kwamba valvu inafanya kazi yake. Wapo wanaoiziba kwa kuwa inalowesha sakafu, na sijui jambo la hatari zaidi linaloweza kufanywa bafuni: themostati ikigoma kuzima siku moja, tangi lililozibwa hulipuka. Dawa ya sakafu iliyolowa ni kipande cha mpira wa kupeleka matone kwenye sinki au nje.

Kipimo cha mwisho ni cha umeme, nacho hakihitaji fundi. Usiku mmoja, hita ikiwa imeshapasha moto hadi taa yake kuzimika yenyewe, zima kila kitu kingine ndani ya nyumba ikiwamo friji, iache hita peke yake, na uandike uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU. Asubuhi, kabla mtu hajafungua maji ya moto, soma tena. Tuseme kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri zimepungua uniti 0.9. Kwa mwendo huo hita inapoteza zaidi ya uniti tatu kwa siku, karibu Sh 1,100, bila mtu yeyote kuoga. Hita nzima ya lita 50 yenye sufi kavu ya kuzuia joto hupoteza karibu uniti moja. Sufi ikishalowa kwa uvujaji wa ndani haikauki, na hita ya namna hiyo inastahili kuondolewa hata kama bado inatoa maji ya moto.

Ukubwa unaohitaji

Kosa la kawaida ni kuondoa tangi la lita 100 na kuweka lingine la lita 100 kwa sababu tu ndilo lililokuwapo. Huenda lilinunuliwa na mtu mwenye watoto sita ambao sasa wana nyumba zao Dodoma na Dar es Salaam.

Hesabu inaanzia kwenye namna mnavyooga. Tangi la lita 50 lililopashwa hadi nyuzi 60, maji yake yakichanganywa na ya baridi ya nyuzi 15, linatoa takriban lita 90 za maji ya nyuzi 40, ambayo ni maji ya kuogea yenye joto la kutosha. Kwa vitendo ni pungufu kidogo, maana lita za mwisho hutoka zikiwa zimeshachanganyika na baridi inayoingia. Familia inayooga kwa ndoo, kila mtu na lita zake 15 hadi 20, inawaogesha watu wanne au watano kwa tangi hilo moja bila kulipasha tena. Familia inayooga kwa shawa ya kawaida inayomwaga lita saba kwa dakika, kila mtu akikaa chini yake dakika tano, inaishiwa baada ya watu wawili na nusu. Kwa hiyo, kabla ya kununua tangi kubwa, fikiria kununua kichwa cha shawa chenye matundu madogo, ambacho bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya tofauti ya bei kati ya matangi mawili hayo.

Jambo jingine linaloamua ukubwa ni ukuta. Tangi la lita 50 likijaa hukaribia kilo 70, na la lita 100 hupita kilo 120. Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zimejengwa kwa tofali za kuchoma, na za zamani zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji. Ukuta wa namna hiyo haushiki bolti za kutanuka. Panahitajika bolti ndefu zinazotokeza upande wa pili na kukazwa juu ya bamba la chuma, au stendi ya chuma inayosimama sakafuni. Gharama hiyo haimo katika makadirio ya fundi ambaye hajauona ukuta wako, na ndiyo maana makadirio yanayotolewa kwa simu hayafai kitu.

Umeme itakaokula

Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji nishati ya saa-wati 1.163. Namba hii haibadiliki kwa chapa ya hita wala kwa maneno ya muuzaji. Lita 50 kutoka nyuzi 15 hadi 60 ni nyuzi 45 za kupanda, hivyo zidisha 50 kwa 45 kwa 1.163, utapata saa-wati 2,617, yaani uniti 2.6. Kwa Sh 356 hiyo ni karibu Sh 930 kwa tangi moja. Ongeza uniti moja inayopotea kwa siku kupitia ganda, upate uniti 3.6, ambazo ni karibu Sh 1,280 kwa siku na karibu Sh 468,000 kwa mwaka.

Weka kiasi hicho kando ya bei ya hita. Ikiwa tangi ulilotajiwa ni Sh 450,000, basi kila mwaka unalipia umeme unaozidi bei ya tangi jipya. Hita ya bei nafuu yenye sufi nyembamba, inayopoteza uniti moja na nusu kwa siku badala ya moja, inakugharimu karibu Sh 65,000 zaidi kila mwaka, na punguzo ulilopata dukani linaweza kuisha kabla mwaka wa pili haujafika. Ukiwa dukani, dai kuona karatasi ya vipimo inayotaja upotevu wa joto kwa saa 24. Kama haipo, uliza unene wa sufi na ubonyeze ganda kwa kidole. Sufi iliyojazwa vizuri haibonyei.

Walio katika kundi la D1, yaani wenye matumizi madogo wanaolipa Sh 100 za msingi kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, wanapaswa kuhesabu kwa tahadhari kubwa zaidi. Hita ya mfano wetu peke yake inakula uniti 108 kwa siku 30, na kila uniti inayozidi 75 inatozwa Sh 350 kabla ya kodi na tozo. Kwa nyumba ya namna hiyo, kuweka hita ya tangi ni kuhama kundi la bei, na uamuzi huo ufanywe kwa kujua.

Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza fungu hili ni kutoiacha hita ikiwaka mchana kutwa. Elementi ya wati 1,500 hupasha lita 50 kwa takriban saa moja na dakika 45. Wanaooga saa kumi na mbili asubuhi wanaweza kuiwasha saa kumi na robo alfajiri na kuizima wakiingia bafuni, na kwa kuwa hakuna anayependa kuamka saa hiyo kwenye kipupwe, swichi ya saa inayojiwasha yenyewe ni sehemu ya makadirio inayojilipa haraka. Hakikisha tu kwamba swichi hiyo imeandikwa inabeba ampea zisizopungua 16. Elementi ya wati 1,500 huvuta ampea 6.5, ya wati 3,000 huvuta 13, na swichi dhaifu huyeyuka. Usishushe joto la tangi chini ya nyuzi 60 kwa nia ya kubana matumizi, kwa kuwa maji ya uvuguvugu yanayokaa siku nyingi huzalisha bakteria wanaodhuru mapafu. Kwa upande mwingine, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo mchanganyie maji baridi kwanza.

Je, ni lazima iwe tangi la umeme tena?

Siku ya kubadilisha ndiyo siku ya kuuliza swali hili, maana mabomba yatafunguliwa kwa vyovyote.

Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo ni nafuu dukani na haipotezi joto usiku. Tatizo lake ni nguvu inayodai. Shawa ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24, na inahitaji waya wake wenyewe wa milimita nne au zaidi kutoka kwenye meni swichi, pamoja na breka yake. Nyumba nyingi zilitandaziwa waya wa milimita mbili na nusu uliokusudiwa soketi, na gharama ya kuutoa na kutandaza mwingine kupitia darini huweza kuizidi bei ya shawa. Aidha, kwa maji ya nyuzi 15, shawa hiyo inatoa lita 3.4 tu kwa dakika za maji ya nyuzi 38, na hiyo ni pale umeme unapokuwa volti 230 kamili. Nguvu ya elementi hupungua kwa mraba wa volti, hivyo jioni ambapo mtaa mzima unapika na umeme umeshuka hadi volti 190, unabakiwa na theluthi mbili ya nguvu, yaani lita 2.3 kwa dakika. Wanaokaa mwisho wa laini wanaelewa ninachosema. Kwa mtu mmoja au wawili wanaooga haraka, inafaa sana: dakika tano ni uniti 0.46, kama Sh 163. Kwa familia ya watu watano wanaokaa dakika nane kila mmoja, matumizi yanafikia uniti 3.7 kwa siku, sawa na tangi, na msafara mlangoni unakuwa mrefu.

Hita ya jua inastahili kufikiriwa kwa uzito hapa kwetu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu baridi ya nyanda hizi haiji na mawingu. Mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili. Kipupwe cha Juni na Julai ndicho kipindi kikavu, na anga la Mbeya, Iringa na Makambako huwa jeupe kutwa wakati ambapo watu wanayahitaji maji ya moto kuliko wakati wowote. Ubaridi wa hewa hauizuii hita ya mirija ya glasi iliyoondolewa hewa, kwa maana mirija hiyo haipotezi joto kirahisi. Anayeishi Tukuyu au kwenye ukingo wa Mufindi, ambako ukungu na manyunyu hukaa hata kiangazi, asichukue hesabu za Mbeya mjini.

Mambo matatu huharibu makadirio ya hita ya jua. La kwanza ni mwelekeo. Sisi tuko karibu nyuzi tisa kusini mwa ikweta, na adhuhuri ya mwishoni mwa Juni jua linapita kama nyuzi 32 upande wa kaskazini wa utosi, kwa hiyo mirija inapaswa kutazama kaskazini, ikiinuka nyuzi 20 hadi 30 ili kulipokea jua la kipupwe. Paa lako likiwa na mteremko wa mashariki na magharibi tu, ongeza gharama ya fremu. La pili ni uzito, maana tangi la lita 200 pamoja na fremu yake hukaribia kilo 250, na kenchi za mbao laini zilizokadiriwa kubeba bati peke yake zitahitaji kuongezewa nguzo. La tatu ni jalidi: Makete, Kitulo na sehemu za Njombe maji huganda usiku, na hita za sahani bapa ambazo maji hupita ndani yake moja kwa moja hupasuka. Huko nunua ya mirija, na bomba zote za juu ya paa zivalishwe sufi.

Kulinganisha ni kazi ya kugawanya tu. Tuseme kubadilisha kwa tangi la umeme kutakugharimu Sh 650,000 kwa jumla na kuweka hita ya jua Sh 1,900,000 kwa jumla. Tofauti ni Sh 1,250,000. Ikiwa jua litachukua theluthi mbili ya mzigo wa mwaka na theluthi moja ikabaki kwa elementi ya akiba wakati wa masika, unaokoa karibu Sh 312,000 kwa mwaka, na tofauti inarudi baada ya miaka minne hivi. Kwa mwenye nyumba yake ni biashara nzuri. Mpangaji asiye na uhakika wa mwaka ujao aachane nayo.

Gesi naitaja kwa kifupi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takriban uniti 12.8, na hita nzuri huingiza kama asilimia 80 ya hiyo kwenye maji, hivyo kazi ile ile ya uniti 2.6 inahitaji robo kilo na ushei. Kwa mtungi wa kilo 15 unaouzwa Sh 60,000, hiyo ni zaidi kidogo ya Sh 1,000. Si nafuu kuliko umeme, ila haikatiki na haipotezi joto usiku. Masharti yake ni mawili: hita ya gesi ifungwe nje au iwe na bomba la kutoa moshi nje, na simtanki iwe juu vya kutosha, kwa kuwa kila mita kumi za kimo huleta baa moja tu ya msukumo, na hita nyingi za gesi hazijiwashi kwenye msukumo wa mita mbili.

Boila la kuni, lile pipa la chuma linalowashiwa moto uani huku bomba likipita ndani yake, bado lina mantiki Mafinga na vijiji vinavyouzunguka msitu wa Sao Hill, ambako mabanzi ya viwanda vya mbao hupatikana kirahisi. Sehemu kubwa ya joto lake hutoka na moshi, na lazima pawe na mtu wa kuliwasha. Likae nje. Kwa kuwa tumefika kwenye moto, niseme pia kwamba jiko la mkaa halipaswi kuingizwa bafuni wala chumbani kupunguza baridi, hata kwa dakika chache na hata kama mkaa umeshakolea. Gesi yake inayoua haina harufu, na mkaa uliokolea huitoa sana.

Kusoma karatasi ya makadirio

Waite mafundi wawili au watatu, wauone ukuta, na kila mmoja aandike makadirio kwa vipengele. Makadirio ya mstari mmoja, «hita na kazi yake», hayalinganishiki na chochote.

Katika karatasi kamili utakuta tangi lenyewe likitajwa kwa chapa, lita na wati. Kando yake iwepo valvu ya usalama mpya, maana ya zamani haihamishwi. Kisha zifuate hosi mbili za kuunganishia, koki ya kufungia maji upande wa baridi, fitingi za PPR (plastiki ngumu) au za chuma kulingana na mabomba yako, bolti na bamba za ukutani, waya, breka, swichi ya nguzo mbili (inayokata nyaya zote mbili) yenye taa, kazi ya bomba, kazi ya umeme, na kuziba ukuta pamoja na vigae vitakavyovunjika. Tafuta hasa waya wa ardhi. Katika nyumba za zamani waya huo ama haupo, ama umekatwa, ama fito yake imeoza ardhini, na hita bila waya wa ardhi ni ya kukataa hata ukipewa bure. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Huyo ndiye anayewajibika, tofauti na kijana wa bomba anayejua «kuunganisha kidogo».

Kama hita mpya haitakaa palepale pa zamani, hesabu pia urefu wa bomba. Mita kumi za bomba la kawaida kati ya tangi na sinki la jikoni hushika karibu lita mbili, ambazo lazima zimwagwe zikiwa baridi kila mara na kuachwa zipoe ndani ya bomba baadaye. Kuisogeza hita karibu na mahali inapotumika mara nyingi, na kulivalisha bomba la moto sufi pale linapopita darini, ni gharama ya mara moja inayopunguza ya kila siku. Fundi atakushauri kuiacha palepale kwa kuwa ni rahisi kwake, na wakati mwingine yuko sahihi, lakini mwombe akupe bei zote mbili.

Usafiri nao huingia hapa. Mizigo mingi hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, na bei ya duka la hapa imeshaubeba umbali huo. Kuagiza mwenyewe kunaweza kuonekana nafuu hadi tangi litakapofika limebonyea na muuzaji yuko mbali. Kwa hita ya jua yenye mirija ya glasi ningenunua hapa hapa na kuikagua mbele ya muuzaji, mrija kwa mrija. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa kuwa dhamana haina maana bila hiyo, na uangalie alama ya TBS, shirika la viwango. Soma pia dhamana inafunika nini: aghalabu tangi hupewa miaka zaidi kuliko elementi na themostati, na baadhi ya watengenezaji huifuta wasipoona kwamba anodi ilikaguliwa.

Wakati wa kufanya kazi unaathiri bei kuliko wengi wanavyofikiri. Kuanzia Mei hadi Agosti kila hita inayokufa hufa kwa pamoja, mafundi wanakimbizwa, na huna nafasi ya kulinganisha chochote huku watoto wakienda shule bila kuoga. Aliyekwisha kuona dalili za kutu mwezi wa pili afanye kazi hiyo mwezi wa tatu. Anayefunga hita ya jua asubiri Septemba au Oktoba, ambapo paa ni kavu na mvua za radi bado hazijaanza.

Hita ya zamani ina thamani kidogo: wanunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo, na elementi ya shaba hulipwa zaidi, kwa hiyo kubalianeni mapema kama inabaki kwako au inaondoka na fundi kama sehemu ya malipo yake. Siku ya kufunga, simamia mambo mawili. Tangi lijazwe maji hadi bomba la moto litoe mtiririko usio na hewa ndipo umeme uwashwe, maana elementi iliyowashwa ikiwa kavu huungua kwa muda mfupi, na dhamana hailipi. Pili, valvu ya usalama inyanyuliwe mkono wake uone maji yakitoka. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa tangi, pamoja na mwaka wa kuikagua anodi, ambao usiwe zaidi ya miwili mbele. Baki na sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi hadi hita iwe imepasha na kupoa kwa wiki moja bila kitako chake wala viungo vya bomba kulowa, na masharti hayo yaandikwe kwenye karatasi ile ile ya makadirio kabla hajafungua koki.